Somo la Mwananchi: Kabla ya Jiwe la Msingi, Tujue Kupanga Shule Yetu ya Upili



Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, yaani mwaka wa kwanza wa Sekondari Pevu. Tangu hapo ombi la shule mpya ya upili, au la kupanua iliyopo, limekuwa na uzito mpya katika mabaraza ya wadi. Ni ombi la haki. Lakini aghalabu mjadala huanza na swali moja tu: tutapata madarasa mangapi?

Swali hilo lina hasara yake. Mfadhili mmoja hutoa madarasa mawili, Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge ikatoa manne, wazazi wakachangia vyoo, na kila mmoja akajenga palipokuwa wazi siku alipopata pesa. Baada ya miaka kumi kiwanja kimejaa. Maabara haina pa kukaa, gari la zimamoto halipiti, maji ya mvua ya darasa moja yanaingia darasa la pili, na uwanja wa mpira umeliwa na majengo. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo, ila hakukuwa na ramani ya shule nzima.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuipanga shule yote kwenye karatasi kwanza, hata kama fedha zilizopo zinatosha vyumba viwili tu. Tutatumia shule ya mfano: shule ya kutwa ya wavulana na wasichana, hapa Pwani, yenye wanafunzi 360. Soma ukiwa na kalamu mkononi. Mwishoni kuna zoezi na maswali ya kwenda nayo barazani.

1. Nani anahusika na nini?

Wananchi wengi huja katika ofisi za wadi kudai shule ya upili, kisha hurudi nyumbani wakidhani wamepuuzwa. Ni vyema kujua mipaka ya kazi. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, elimu ya msingi na ya upili ni jukumu la Serikali ya Kitaifa. Serikali ya Kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti inaweza kusaidia shule ya upili pale tu panapokuwa na makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili.

Hata hivyo, hakuna shule ya upili inayojengwa bila kupitia mikono ya kaunti. Ruhusa ya ujenzi chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 hutolewa na kaunti. Afisa wa afya ya umma anayekagua vyoo ni wa kaunti. Zimamoto ni ya kaunti. Barabara ndogo ya kufika shuleni, na mara nyingi bomba la maji, ni mambo ya kaunti pia.

Kwa upande wa Serikali ya Kitaifa, Bodi ya Elimu ya Kaunti hushughulikia usajili wa shule. Jina lake lisikuchanganye, bodi hii iko chini ya Wizara ya Elimu. Bodi ya Usimamizi wa shule ndiyo inayoendesha shule na mali yake. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili wanakandarasi na miradi, nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira hushughulikia athari za mradi kwa mazingira.

Kwa hiyo ukitaka kujua pesa za jengo zinatoka wapi, uliza Bodi ya Usimamizi na mfadhili wake. Ukitaka kujua kama jengo lenyewe limeruhusiwa na liko salama, uliza kaunti.

2. Anza kwa kuhesabu watu na vipindi

Msanifu majengo mzuri hachori kitu kabla ya kupewa orodha ya mahitaji. Orodha hiyo huandikwa na jamii pamoja na walimu. Ina mambo matatu: watu wangapi, watafanya nini, na kwa saa ngapi.

Chukua shule yetu ya mfano. Ina Gredi ya 10, 11 na 12, kila gredi ina mikondo mitatu, kila mkondo una wanafunzi 40. Hapo ndipo tunapata 360. Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni, uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008, unaelekeza kwamba darasa la mita 7.5 kwa mita 6 litoshe wanafunzi wasiozidi 40 wakikaa wawili wawili kwenye dawati, au 30 wakikaa mmoja mmoja. Basi kwa wanafunzi 360 tunahitaji madarasa 9.

Lakini Sekondari Pevu haifanani na shule ya upili tuliyosomea wengi wetu. Ina njia tatu za masomo: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwanafunzi huchagua masomo ya njia yake, kwa hiyo darasa moja hugawanyika siku nzima. Wengine wanaenda maabara, wengine chumba cha muziki, wengine uwanjani. Shule yenye madarasa 9 na hakuna kingine itafundisha nadharia tu, na mtoto aliyechagua sayansi atakuwa ameichagua kwa jina.

Je, tunahitaji maabara ngapi? Wengi husema tatu: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Tuhesabu kwanza. Tuseme wanafunzi 216 kati ya 360 wamechagua sayansi, nao wamepangwa katika vikundi 6 vya wanafunzi 36. Tuseme kila kikundi kina vipindi 6 kwa wiki katika kila moja ya masomo hayo matatu. Hiyo ni 6 mara 6 mara 3, jumla vipindi 108. Iwapo nusu yake ni ya vitendo na nusu inaweza kufundishwa katika darasa la kawaida, vipindi vinavyohitaji maabara ni 54. Ratiba ikiwa na vipindi 40 kwa wiki, maabara moja haitoshi. Maabara mbili zinatoa nafasi 80, hivyo zinatosha na kubakisha muda wa mwalimu kuandaa vifaa na kusafisha. Maabara ya tatu inaweza kusubiri, na fedha zake zikajenga karakana au maktaba.

Badilisha tarakimu na jibu litabadilika. Shule yenye vikundi 10 vya sayansi itapata vipindi 90 vya maabara, na hapo maabara mbili zitashindwa. Hesabu ya namna hii hufanywa kwa dakika kumi, lakini bila hiyo jamii hujikuta na maabara inayokaa tupu au na foleni ya wanafunzi mlangoni.

Jambo moja zaidi kuhusu mahitaji: mitaala hubadilika, kuta hazibadiliki kwa urahisi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, shule zilihitaji karakana za useremala, ufundi wa umeme na sayansi kimu, na wazazi kote nchini wakachangishana kwa Harambee ili kuzijenga. Miaka ilivyopita masomo hayo yakapunguzwa, na baadhi ya karakana zikawa stoo. Sasa tunahitaji karakana tena. Mwombe msanifu apange vyumba vinavyoweza kubadilishwa kazi: nguzo zibebe paa, na ukuta wa katikati uwe unaoweza kuondolewa bila jengo kudhurika.

3. Kiwanja kizungumze kabla ya mchoro

Kabla ya mtu kuchora, mambo manne kuhusu ardhi yajulikane.

La kwanza ni hati miliki. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa gesi ya machozi wakipinga uwanja wao wa michezo kunyakuliwa. Tukio hilo lilionyesha nchi nzima kwamba ardhi ya shule isiyo na hati na mipaka iliyopimwa iko hatarini. Kama mzee wa kijiji ametoa shamba kwa moyo mwema, familia yake ishirikishwe, mpimaji aweke alama za mipaka, na hati itolewe kwa jina la shule. Neno la mdomo la leo huwa kesi ya wajukuu.

La pili ni udongo. Sehemu nyingi za Pwani zina mwamba wa matumbawe, ambao hubeba uzito vizuri lakini una mapango yasiyoonekana. Sehemu nyingine zina udongo mweusi unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba iliyosimama juu ya udongo huo bila msingi unaofaa hupata nyufa zinazopita dirishani hadi paani. Mashimo ya majaribio yachimbwe mahali kadhaa na mhandisi ayaangalie. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na kurudia msingi.

La tatu ni maji. Waulize wazee: mwaka wa mafuriko, maji yalifika wapi? Hakuna ramani inayoshinda kumbukumbu ya mtu aliyeona mto ukifurika. Ambapo maji yalifika pasijengwe darasa. Pafae kuwa uwanja.

La nne ni kufika. Watoto watatoka upande gani, na watavuka barabara ipi? Lango la shule likifunguka moja kwa moja kwenye barabara kuu, ajali imeshapangwa. Lango lirudishwe ndani na pawe na nafasi ya matatu na bodaboda kusimama nje ya njia.

4. Ramani moja kuu, ujenzi wa awamu

Hiki ndicho kiini cha somo. Shule ya watu 360 si lazima ijengwe mwaka mmoja. Inaweza kuchukua miaka minane. Lakini ramani ya shule nzima lazima iwepo tangu siku ya kwanza, ikionyesha kila jengo, hata yale ambayo fedha zake hazijulikani zitatoka wapi.

Ramani kuu huonyesha mahali pa madarasa yote 9, maabara, karakana, maktaba, ukumbi, ofisi, vyoo, jiko, tangi la maji, uwanja, bustani ya kilimo, na njia ya gari la zimamoto na ambulansi kufika kila jengo. Huonyesha pia njia za mabomba, nyaya za umeme na mifereji ya maji ya mvua. Kisha kila jengo hupewa namba ya awamu.

Awamu ya kwanza iwe shule kamili, ndogo. Madarasa matatu ya Gredi ya 10, maabara moja, vyoo, maji na ofisi ni shule. Madarasa sita bila choo wala maji ni majengo tu. Mwaka unaofuata mfadhili akija na fedha za madarasa mawili, haulizwi angependa kujenga wapi. Anaonyeshwa ramani na kuambiwa: fedha zako zinatosha jengo namba 4, nafasi yake ni hii, na mchoro wake ni huu. Kwa njia hiyo hata mchango mdogo huongeza kitu kwenye shule moja, wala hauanzishi kingine pembeni.

Ramani kuu ibandikwe ukutani katika ofisi ya mwalimu mkuu, nakala iwe kwa msimamizi wa wadi. Bodi ya Usimamizi ikibadilika, ramani isibadilike bila mkutano.

5. Jua, upepo na mvua ni wafadhili wa bure

Pwani yetu iko nyuzi chache tu kusini mwa Ikweta. Jua la adhuhuri liko karibu na utosi mwaka mzima, lakini la asubuhi na la alasiri huja chini na kupenya madirishani. Ndiyo sababu jengo refu la madarasa linapaswa kulala mashariki kwa magharibi, kuta zake fupi zikikabili jua linalochomoza na linalotua. Madirisha yawe upande wa kaskazini na wa kusini, na paa litokeze nje ya kutosha kuyapa kivuli. Darasa hilo hilo, kwa tofali zile zile, likigeuzwa vibaya huwa tanuri saa nane mchana, na hakuna mtoto anayefaulu Hisabati ndani ya tanuri.

Upepo nao tunaujua kwa majina. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki. Madirisha yakiwa pande zote mbili za darasa, yakitazamana, upepo huingia na kutoka. Yakiwa upande mmoja tu, hewa hukaa. Kwa kuwa pepo zote mbili hutoka upande wa bahari, vyoo na jiko lenye moshi vikae magharibi mwa madarasa, ili harufu na moshi viende mbali na wanafunzi katika misimu yote.

Mvua ni maji ya shule iwapo paa limepangwa. Kanuni yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1. Jengo la madarasa manne lenye paa la mita 30 kwa mita 9 lina mita 270 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida ya siku moja ya masika, huangusha juu yake lita 2,700. Hata sehemu ya tano ikipotea, zinabaki zaidi ya lita 2,100. Mvua tano za namna hiyo hujaza tangi la lita 10,000. Mifereji ya paa na kitako cha tangi viwe kwenye mchoro wa kwanza, kwa sababu vikiachwa viongezwe baadaye mara nyingi haviongezwi.

Hewa ya chumvi hula chuma. Simiti inayofunika nondo iwe nene kama mhandisi alivyoandika, na mchanga wa baharini usiooshwa usitumike kabisa katika zege, kwani chumvi yake huozesha nondo kutoka ndani. Pia mabati matupu hupiga kelele wakati wa mvua hadi mwalimu hasikiki. Dari si urembo, ni sehemu ya somo.

6. Mlango wa kutokea

Machi 2001 bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, liliteketea usiku na wavulana 67 wakafariki. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Miaka mitatu kabla yake, Machi 1998, hapa hapa Pwani, moto katika bweni la Shule ya Wasichana ya Bombolulu huko Kwale uliwaua wasichana zaidi ya 20. Moto una vyanzo vingi. Lakini kama mtoto atatoka au hatatoka, hilo huamuliwa na mchoro wa jengo na na yule anayeshika funguo.

Mwongozo wa 2008 uko wazi. Milango ya madarasa na mabweni ifunguke kwa nje, na isifungwe kutoka nje wakati wanafunzi wako ndani. Madirisha yasiwe na grili, na yafunguke kwa urahisi. Jengo la ghorofa liwe na ngazi kila mwisho, zenye upana wa kutosha na vyuma vya kushikilia. Shule yenye bweni iwe na mlango kila mwisho wa bweni, na mlango wa dharura katikati. Kila mlango uwe na upana usiopungua futi 5. Nafasi kati ya vitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2.

Tunafahamu kinachosemwa barazani: bila grili, wezi watabeba kompyuta. Hofu hiyo ni ya kweli na ina jibu la kimchoro. Jenga stoo moja imara, bila dirisha kubwa, yenye mlango wa chuma, karibu na chumba cha kompyuta na chumba cha mlinzi. Vifaa vihifadhiwe humo kila jioni. Hivyo chuma kinalinda mali ndani ya chumba kisicho na watoto, na vyumba vyenye watoto vinabaki na njia ya kutokea. Mali hununuliwa tena.

Milango inayofunguka kwa ndani ipo katika shule nyingi kwa sababu fundi amezoea kuipachika hivyo. Kwenye karatasi, kugeuza mlango ni mstari mmoja wa kalamu. Tazama kila mlango katika mchoro: upinde mdogo uliochorwa kando yake unaonyesha unakofungukia.

7. Kila mtoto aingie

Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, na kupata elimu katika taasisi zilizounganishwa na jamii. Haki hiyo huishia kwenye ngazi tatu za mlangoni ikiwa mchoraji hakukumbuka.

Njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu hufuata kipimo cha 1 kwa 12. Maana yake, kila sentimita 1 ya kupanda huhitaji sentimita 12 za urefu. Sakafu ya darasa ikiwa juu kwa sentimita 45, mteremko utakuwa na urefu wa mita 5.4. Hiyo si nafasi ndogo. Isipowekwa kwenye ramani mapema, itakuja kubanwa kwenye mita mbili, na kiti cha magurudumu kitapinduka. Njia kati ya majengo ziwe ngumu na tambarare. Kama kuna ghorofa, maabara moja na maktaba ziwe chini.

Vyoo navyo vina hesabu yake. Mwongozo unataka matundu 4 kwa wanafunzi 30 wa mwanzo, kisha tundu 1 kwa kila wanafunzi 30 kati ya 270 wanaofuata, na baada ya hapo tundu 1 kwa kila wanafunzi 50. Tuseme shule yetu ina wasichana 180 na wavulana 180, tuhesabu kila upande peke yake. Wasichana: matundu 4 kwa 30 wa mwanzo, na 5 kwa 150 waliobaki, jumla 9. Wavulana hali kadhalika nafasi 9, lakini kwao angalau theluthi moja ziwe vyoo na zilizobaki ziwe sehemu za kukojolea. Ongeza choo cha walimu na choo kipana chenye vishikilio kwa mwenye ulemavu.

Upande wa wasichana uwe na maji ndani, ndoano ya kutundika sare, mlango unaojifunga na mahali pa kutupa sodo. Msichana anayekosa mambo hayo hubaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi, na siku hizo hazirudi. Shimo la choo liwe mbali na kisima, angalau mita 15 kwa mujibu wa Mwongozo. Kwenye mwamba wa matumbawe, ambako maji machafu husafiri haraka kupitia nyufa, mwombe afisa wa maji aongeze umbali huo.

8. Sauti yako ina wakati wake

Ushirikishaji wa umma ni kanuni ya Katiba, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaurudia. Lakini sauti inayokuja baada ya lenta kumwagwa hugharimu mara nyingi zaidi ya ile inayokuja mchoro ukiwa mezani. Hatua nne ndizo za kuhudhuria: siku ya kuandika orodha ya mahitaji, siku ya kuonyeshwa ramani kuu, siku ya mchoro wa jengo la kwanza, na siku mkandarasi anapokabidhiwa kiwanja.

Mchoro usikutishe. Omba msanifu aweke mambo kwa vigingi na kamba uwanjani, ili watu watembee ndani ya darasa ambalo bado halipo. Mama anayeuza chakula shuleni ataona jiko limewekwa mbali na maji. Mwanafunzi ataona njia ya choo inapita nyuma ya karakana mahali pa giza. Mambo hayo hayaonekani ofisini.

Ukinyimwa nafasi ya kuona mchoro wa jengo la umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuandika ombi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Afisa husika anatakiwa kukujibu haraka iwezekanavyo, na kwa kawaida isizidi siku 21. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na ofisi yenyewe.

Zoezi la nyumbani

Kaa na jirani au mwanao mjibu haya:

Shule ina mikondo 2 katika kila gredi kuanzia Gredi ya 10 hadi ya 12, na wanafunzi 40 kwa kila mkondo. Inahitaji madarasa mangapi? (Jibu: 6, kwa wanafunzi 240.)

Ina wasichana 120. Inahitaji matundu mangapi upande wao? (Jibu: 4 na 3, jumla 7.)

Sakafu iko juu kwa sentimita 30. Mteremko wa kiti cha magurudumu uwe na urefu gani? (Jibu: mita 3.6.)

Maswali ya kwenda nayo barazani

Hati miliki ya kiwanja iko kwa jina la nani, na mipaka imepimwa?

Ramani kuu ya shule nzima iko wapi, na jengo tunalojenga leo ni namba ngapi?

Mahitaji ya maabara na karakana yamehesabiwa kwa vipindi vya wiki?

Udongo umepimwa, na mhandisi ametia sahihi mchoro wa msingi?

Kila mlango unafunguka kwa nje? Kuna dirisha lolote lenye grili katika chumba cha wanafunzi?

Mwanafunzi mwenye kiti cha magurudumu anafikaje darasani, maabara na chooni?

Vyoo na maji viko katika awamu ya kwanza?

Ruhusa ya ujenzi ya kaunti imetolewa, na mkandarasi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi?

Kata ukurasa huu uende nao. Swali ambalo halina jibu siku hiyo liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano pamoja na jina la afisa atakayelijibu na tarehe, kisha liwe la kwanza kusomwa katika baraza linalofuata.